"Bosi wako ameshaingia?"

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa miaka 54, nauza mapazia na mashuka Kariakoo, Mtaa wa Kongo. China nilianza kwenda mwaka 2013, wakati ule mara moja kwa mwaka, siku hizi mara tatu au nne. Safari zote hizo nimekaa kule nyuma karibu na choo, kwa sababu pesa ninayookoa kwenye tiketi nikifika soko la vitambaa la Zhongda inageuka marobota.

Mwaka huu goti la kushoto limegoma. Safari ya Machi nilishuka ndege nikishikilia viti vya watu kama mtoto anayejifunza kutembea. Mpwa wangu, ambaye ndiye hunikatia tiketi kwenye simu, akaingia akaunti yangu ya maili akakuta zimelala tu miaka yote, hazijaguswa. Akaniambia, "Shangazi, hizi zinakutosha festi klasi, kwenda na kurudi." Nikacheka. Yeye akabonyeza, nikalipa kodi za uwanja, tiketi ikaja.

Nilivaa ninavyosafiri siku zote. Dera, kanga moja kiunoni na moja begani, na yeboyebo kwa sababu miguu inanivimba angani. Mkononi shangazi kaja, ndani sampuli za vitambaa na kopo la visheti.

Pale Dar, kwenye kaunta zenye zulia, kijana anayepanga foleni alininyooshea mkono kabla sijamfikia. "Mama, foleni yenu ile kule." Nikampa simu. Akaisoma, akamwita mwenzake naye akaisoma, wakatazamana, nikaruhusiwa. Nikamwambia haina shida.

Nikaenda kwenye ule ukumbi wao wa kupumzikia. Binti wa mapokezi alitabasamu vizuri tu, akaniuliza, "Bosi wako ameshaingia?" Dada, niligeuka nyuma nikidhani anaongea na mtu mwingine. Nilipomwelewa nikajibu, "Niko peke yangu," kwa sauti ambayo mwenyewe sikuijua. Mimi nina wafanyakazi sita.

Ndani ya ndege tulikuwa watu kama kumi na wawili upande wetu. Mhudumu alinijia mimi peke yangu akaomba tena bodingi pasi. Jirani yangu, mama mmoja aliyenukia uturi mpaka nikapiga chafya, alikuwa amemnong'oneza kitu. Nikaitoa. Nikasema haina shida. Baadaye wakagawa kitabu cha vyakula, kimeandikwa vizuri, hakina bei hata moja. Sisi wa Kariakoo tunajua kitu kisichoandikwa bei ndicho kinachouzwa ghali. Nikasema nimeshiba. Nikala visheti vyangu chini ya blanketi, polepole, visitoe sauti. Kiti nacho kilikuwa na vitufe vingi ubavuni. Niliogopa kuvigusa nisije nikamlalia mtu, nikakaa wima usiku kucha. Goti langu lilifika China vilevile.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni cha kurudi. Tuko getini Guangzhou, akaja mfanyakazi na karatasi mkononi, akaniambia kwa Kiingereza kwamba kuna mume na mke wanataka kukaa pamoja, na kwa kuwa mimi nasafiri kwa maili na niko peke yangu, kama sitajali wanipe kiti kingine. Nilikuwa nimeshachoka kutazamwa. Nikasema haina shida. Akachukua kadi yangu akanipa nyingine: 37F, katikati ya watu wawili, mbele yangu mtoto analia. Watu wangu wa siku zote. Nitakuambia ukweli, nilipokaa nilipumua.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Binti yangu anasema nimejidhalilisha mwenyewe, kwamba Oktoba nikienda tena ataninunulia suti ya suruali, wigi na mkoba wa maana, "uonekane unapostahili". Baba watoto anasema turudi kulekule tulikozoea, kila ndege na mti wake. Mpwa wangu amekasirika kuliko wote, anasema nimewapa watu maili za miaka kumi na zaidi kama njugu, na kwamba nidai. Mimi nasita. Nikidai si watamfukuza yule kijana wa zulia? Ni wa umri wa mwanangu wa mwisho.

Nivae, nirudi nyuma, au nidai?

Mama Mapazia, Kariakoo

*

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kuna neno lililonichoma kuliko hata hilo la bosi, nalo ni lako mwenyewe. Umeandika "haina shida" mara tatu: kwa kijana wa foleni, kwa mhudumu, na kwa yule wa getini. Mara ya kwanza halikukugharimu kitu. Mara ya tatu limekugharimu kiti.

Nikupe siri yangu kwanza, maana mimi nami niliwahi kusimama pale kwenye zulia. Nimefanya kazi kaunta ya abiria miaka 19. Shirika lenyewe tuliache, nakula pensheni yake. Siku moja, miaka ya tisini mwanzoni, alikuja mzee amevaa msuli na shati lililopauka mabegani, amebeba kiroba kilichofungwa kwa kamba ya katani. Sikumwachia hata afungue mdomo. Nikamwelekeza kwa kidole, kama wewe ulivyoelekezwa, foleni ile kule. Akaenda. Akasimama dakika arobaini na ushei, nikimwona anasogeza kiroba kwa mguu, hatua moja moja. Alipofika mbele, mwenzangu akafungua tiketi yake. Enzi hizo tiketi zilikuwa vijitabu vya karatasi vyenye wino mwekundu nyuma, na daraja lako liliandikwa kwa herufi moja tu kwenye kisanduku: Y kawaida, C au J biashara, F la kwanza. Yake ilikuwa F. Mwenzangu akanitazama kutoka kule, akainua tiketi juu.

Nilimfuata yule mzee nikamwomba radhi, nikamuuliza kwa nini hakunionyesha. Akaniambia, "Nilidhani wewe unajua, ndio maana umevaa sare." Kisha akaongeza, unalijua alilosema: haina shida, mwanangu.

Kwa hiyo yule kijana namjua. Ni mimi. Anachofanya si kazi ya kubuni. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, ile iliyotua Dar Julai 2018, ina viti 262, na 22 tu ndivyo vya daraja la biashara. Za Kenya Airways zina 30 kati ya 234. Mashirika mengine hayako mbali sana na hesabu hiyo. Maana yake wengi wanaofika kwenye zulia kwa kweli wamepotea foleni, na mtu aliyesimama pale amewekwa awarudishe. Kosa halianzi kwenye kuuliza. Linaanza pale anapokwisha kujijibu kwa kutazama miguu yako kabla hajaona karatasi. Hata huyo mhudumu angeomba kadi ya kila mtu nisingekuwa na neno naye. Kumwomba mmoja kati ya kumi na wawili ni habari nyingine.

(Niseme na hili, wasije wenye kujua wakakuumbua bure: ulichopanda karibu hakika ni daraja la biashara, si la kwanza. Kwetu vyote ni festi klasi, lakini ndege nyingi kubwa zinazotua Dar na Nairobi hazina daraja la kwanza kabisa. Wala hujapungukiwa kitu. Kiti kinalala, goti linanyooka.)

Tuje kwenye suti ya binti yako. Anakupenda na ameumia kwa ajili yako, ila amekosea mlango. Hakuna shirika ninalolijua linalomtaka aliyelipia tiketi avae suti. Masharti ya usafiri, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, huwa yanakataza mambo ya wazi: mtu asiye na viatu, nguo zenye matusi, ulevi. Basi. Habari ya kuvaa rasmi ili ukae mbele imetoka kwetu sisi wafanyakazi. Tulipokuwa tunasafiri kwa tiketi za kazini, za bure au nusu bei, tulipewa masharti ya mavazi kwa sababu tulikuwa tunalibeba jina la kampuni, na ndugu zetu waliosafiri kwa mgongo wetu hivyohivyo. Mwaka 2017 kule Marekani kulikuwa na kelele dunia nzima wasichana wawili walipozuiwa kupanda ndege ya United kutoka Denver kwa sababu wamevaa zile suruali za kubana. Shirika lilijieleza kwamba walikuwa wanasafiri kwa pasi za wafanyakazi, na kwamba abiria wa kawaida angevaa hivyohivyo akapita. Sheria ya mtu wa kupewa, basi, watu wameigeuza sheria ya mtu wa kununua.

Na wewe umenunua. Maili si zawadi ya mtu. Kila ulipokaa pale karibu na choo, ndani ya nauli yako kuna kipande ulichokuwa unawekewa. Ni kama mchezo wa kina mama, zamu yako imefika. Yule wa getini aliposema "kwa kuwa unasafiri kwa maili" alikuwa anakushusha bei kwa mdomo, nawe mfanyabiashara wa miaka yote hiyo hukumshtukia.

Tena nikwambie nilichokiona kaunta. Waliokuja wamevaa kama wenye nchi, tai, miwani, mkoba unang'aa, wengi wao ndio waliokuwa wananiegemea na kuniomba kwa sauti ya chini niwasogeze mbele bila malipo. Wafanyabiashara wa dhahabu kutoka kanda ya ziwa walikuja na viatu vyenye vumbi na tiketi kamili. Sitasema kila mara, lakini ilitosha kunifundisha, ingawa nilichelewa, mzee wa msuli alishapita.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Wigi usiku mzima angani, na kichwa kinawasha, utakuwa unajilinda wewe badala ya kulala. Vaa dera lako, na kanga zako mbili. Hukuniambia zimeandikwa nini. Mimi ninayo moja ya "Usisafirie nyota ya mwenzio", ningekuazima kwa safari hiyo kama si hayo niliyotoka kuyasema kuhusu vya kuazima.

Kwenye yeboyebo peke yake nitasimama kidogo upande wa binti. Si kwa ajili ya ndege, ni kwa ajili ya kumbi za kupumzikia. Huko zipo zenye masharti yake. Za Qantas kule Australia, kwa mfano, kandambili hazipiti mlangoni. Ya Dar imekupitisha, ya kwingine unaweza kukuta mtu na sheria yake mkononi, na hapo atakuwa na haki. Chukua raba za kitambaa, namba moja zaidi ya yako, ukishakaa zivue. Daraja lile mara nyingi wanakuwekea soksi au ndala laini kwenye kimfuko. Na huo uvimbe usiuzoee: ukiwa miguu yote miwili na unaisha baada ya siku moja, soksi za kubana za duka la dawa zitakusaidia, pamoja na kuinuka kutembea kila baada ya muda. Ukiona mguu mmoja tu umevimba na unauma, huo si wa kusubiri urudi Dar, nenda hospitali hukohuko.

Shemeji yangu na mti wake, mwambie namsalimu. Goti linalouma ni la nani?

Sasa kiti. Hapa ndipo ninapokaa na mpwa wako, na nakaa naye sana. Mambo ya zulia na ukumbi yalikuwa ya adabu, yanauma na yanapita. La getini ni la mali. Ulikuwa na kiti cha biashara kilichothibitishwa, ukateremshwa daraja, na hukurudishiwa hata maili moja. Ulaya jambo hili lina sheria yake, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004: ukishushwa daraja usivyotaka, shirika linatakiwa likurudishie, ndani ya siku 7, asilimia 30, 50 au 75 ya nauli kulingana na umbali, na waliokata kwa maili wamo pia. Safari yako haikuanzia Ulaya wala haikuishia huko, kwa hiyo sheria hiyo si yako. Nimekutajia ujue tu kwamba wenzetu wameliona hili ni deni.

Watakujibu kwamba ulikubali. Ni kweli, ulikubali. Basi usiwabishie hilo. Waandikie kwamba uliombwa na mfanyakazi wao getini, ukakubali kubadilisha kiti, na hakuna aliyekueleza kwamba unabadilishwa na daraja wala kwamba tofauti haitarudishwa. Ambatisha vitu viwili tu: ule ujumbe wa tiketi alioupokea mpwa wako, unaoonyesha daraja, na kile kipande cha 37F. Natumaini hukukitupa. Wafanyabiashara hawatupi risiti. Eleza unachotaka kwa namba: maili za tofauti kati ya biashara na kawaida kwa safari ya kurudi zirudi kwenye akaunti yako. Usiandike kurasa nne za machungu, aliyeko upande wa pili anasoma barua mia kwa siku, atatafuta namba na asipoiona atakujibu kwa pole. Wakikaa kimya, hapa kwetu kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lile linalofuatana na TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Wapelekee barua yako pamoja na huo ukimya wao.

Kuhusu kijana wa zulia, huhitaji kumtaja, na mimi nakuunga mkono usimtaje. Ukitaka, weka sentensi moja mwishoni: tarehe, namba ya ndege, na maneno yenyewe, "Bosi wako ameshaingia?" Usiongeze maelezo. Kuna msimamizi atakayeisoma na uso utamwiva.

Na Oktoba? Fika kaunta, omba bodingi pasi ya karatasi hata kama simu inayo, uishike mkononi. Wapo watakaosema huko ni kujitetea kabla hujashitakiwa, hawajakosea sana. Lakini simu yako imeshikwa na kusomwa na watu wawili mbele ya foleni, na karatasi hainyang'anyiki kirahisi hivyo. Ukielekezwa foleni nyingine, usieleze habari za maili wala za goti. Sema, "Soma hapa, mwanangu," nyamaza, msubirie. Ukimya wa mama wa miaka 54 unatosha.

Ukiulizwa tena habari za bosi, jibu, "Ameshaingia. Ndiye huyu."

Ukiulizwa kama hutajali kuhamishwa, sema utajali. Kwa Kiingereza, kwa Kichina cha sokoni, kwa Kiswahili, vyovyote. Kama wanakitaka kiti kweli watakuja na bei, na hapo sina cha kukufundisha, hiyo ndiyo kazi yako.

Kile kitabu kisicho na bei, mdogo wangu, hakina bei kwa sababu umeshalipa. Chote. Agiza samaki, na usipomtaka mwambie akuletee nyama. Kama unataka halali, mpwa wako aombe kwenye simu angalau siku moja kabla, kwa kawaida wanahitaji saa 24. Vitufe: mwambie mhudumu, mara tu unapokaa, "Nionyeshe kiti hiki kinavyolala." Ni kazi yake na hukuonyeshwa, na yule jirani wa uturi naye kuna siku alionyeshwa. Kiti kinalala ndani ya eneo lake, hutamlalia mtu.

Visheti endelea kubeba. Miaka 19 yote ile nimekula vyakula vya kwenye ndege vya kila namna, visheti sijawahi kuviona. Ila vile juu ya meza, si chini ya blanketi.

Wakikujibu habari za maili niandikie. Nami nina dirisha la sebuleni, futi sita kwa tano, linapigwa na jua la jioni. Nitafutie kitambaa kizito, rangi isiyoonyesha vumbi la barabara, na bei uniambie ya dada.